Chenso Iliyonuka Usipa

Vijana wangu, mkinikuta hapa Ngana nimekaa barazani, mikono magotini na spana zangu zimelala kwenye debe la rangi, msidhani nilizaliwa mstaafu. Nimetengeneza chenso, ile misumeno ya mashine ya kuangushia miti na kupasulia mbao, kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Ngurumo zake zimeniachia sikio moja tu linalofanya kazi. Mke wangu anasema yote mawili ni mazima na kwamba huwa nachagua la kusikia, lakini yeye hajawahi kushika chenso.

Juzi mmoja wenu, simtaji, alinijia na mashine begani na simu mkononi. Mashine haitoi moto, akasema. Kwenye simu kulikuwa na fundi wa ng'ambo mwenye meza safi kuliko ile ninayolia chakula, anaeleza kwa Kiingereza huku akionyesha vifaa ambavyo hapa Kyela hata mwenye duka havijui. Nikamwuliza kijana, "Plagi umeitoa ukaitazama?" Akanijibu kwa adabu zote, "Bado, babu. Video ni ya dakika arobaini, nimefika ya kumi na mbili." Nikaona nisipoandika haya nitazikwa nayo, na huko niendako sijui kama wana miti.

Tunaposema mashine haina moto hatumaanishi kwamba imepoa. Moto ni ile cheche ya buluu inayoruka kwenye ncha ya plagi na kuwasha petroli ndani ya silinda. Bila cheche utavuta kamba mpaka bega lilegee, utabaki na jasho lako na mashine itabaki na petroli yake. Kuipima ni rahisi. Toa plagi, ivike tena waya wake mnene, ilaze kwenye chuma cha silinda, vuta kamba, tazama ncha. Kwenye jua kali cheche haionekani, kwa hiyo ifanyie kivuli kwa kofia. Na ushike penye mpira, siyo penye chuma.

Hilo la mwisho nililipata kwa Fundi Kondwani, aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Karonga aliyevuka mto Songwe kuja kuuza vitenge, akagundua kwamba watu wa Kyela wana vitenge vya kutosha ila hawana wa kuwatengenezea mashine. Mfupi, mpole, hakuwahi kupandisha sauti hata chenso ikiwa inanguruma. Ilibidi uizime ndipo umsikie, na nadhani ndivyo alivyotaka. Siku yangu ya pili kazini mvua ilikuwa imetoka kunyesha, niko pekupeku kwenye tope, akanipa plagi nishike. Akavuta kamba. Niliruka nikakalia ndoo ya oili chafu.

"Umeuona moto?" akauliza.

"Sijauona," nikasema, "nimeusikia."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi mashine ni nzima. Mbovu ni viatu."

Kondwani alikuwa na utaratibu wake ambao nami ninawaachia. Anza na cha nje, malizia na cha ndani. Lakini kabla hujashika bisibisi, muulize mwenye mashine maswali mawili: mara ya mwisho iliwaka lini, na tangu siku hiyo imekaa wapi. La kwanza kila fundi analiuliza. La pili wengi tunaliuliza kwa mdomo tu huku mkono umeshafika kwenye spana.

Utaratibu huo niliuvunja mara nyingi, na mara moja niliuvunja hadharani. Ilikuwa Lyulilo, siku ya soko, mitumbwi imejaa vyungu na akina mama wanavipanga ufukweni. Mpasua mbao mmoja alileta chenso isiyotoa moto. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuitwa fundi, na jina hilo likimwingia kijana humtoa akili kwa muda. Nikatandika gunia katikati ya vyungu, nikaifungua yote, parafujo huku, koili kule, watu wamenizunguka, nami naeleza kila kipande kama mwalimu. Nikaifunga tena. Hakuna moto. Nikaifungua mara ya pili. Mama mmoja muuza vyungu, mtu mzima, alikuwa amenitazama muda wote. Mwishowe akauliza, "Fundi, na hako kadude kekundu pembeni ni ka nini?"

Ilikuwa swichi ya kuzimia. Ilikuwa imezimwa. Nikamwambia mama yule kwamba ndiko nilikokuwa naelekea. Mpaka leo nikifika Lyulilo kuna watu wananiuliza kama nimeshafika.

Kwa hiyo swichi kwanza. Tena siyo kuitazama tu: chomoa ule waya mwembamba unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye koili, lile furushi la waya linalozaa umeme wa plagi, halafu pima moto upya. Cheche ikitokea, ugonjwa uko kwenye swichi au kwenye waya wake, na wewe umemaliza kazi kabla chai haijapoa. Usipochomoa waya huo unaweza kumlaumu asiyehusika siku nzima, na kulaumu asiyehusika ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuwapa leo.

Ilitokea Talatala, mwaka wangu wa mwisho kazini, masika yamekolea. Mvua za Kyela mnazijua, hazina haja ya kusifiwa. Mkuyu mkubwa uliokuwa kando ya kijito ulizidiwa na maji, ukang'oka na kwenda kukwama mdomoni mwa kalavati, pale barabara inapokatiza. Nyuma yake yakajazana matete, migomba na takataka za mlimani, likawa boma. Kijito kilipokosa njia kikageukia kushoto, kwenye mashamba ya mpunga.

Mpunga ulikuwa umeshainamisha vichwa, umebakiza wiki mbili tatu za kuvunwa. Mtasema mpunga ni rafiki wa maji. Ndiyo, lakini maji ya miguuni, siyo ya shingoni. Ukilazwa kwenye maji siku mbili, punje zinaanza kuchipua hukohuko shambani, nawe unabaki na majani. Karibu kila kaya ya kitongoji kile ilikuwa na shamba katika bonde lile, na kwa watu wale bonde ndilo chakula, ndilo sare za shule, ndilo bati la nyumba inayosubiri. Walishajaribu mashoka tangu alfajiri. Mkuyu mbichi ulioloa unameza shoka na kulishikilia. Wapasua mbao wa eneo lile walikuwa wamekwenda na mashine zao milimani, na barabara ya kurudia ilikuwa imekatika. Kitongoji kizima kilikuwa kimebaki na chenso moja, ya Mzee Ambakisye, nayo haikuwa inatoa moto.

Bodaboda ilinifikisha ilipoweza. Palipobaki nilikwenda kwa miguu, suruali imekunjwa magotini na mfuko wa spana kichwani. Mzee Ambakisye alinipokea uani. Mrefu, mzee wa kanisa, hana maneno mengi, na kofia yake ya pama haitoki kichwani ila kwa sala. Chenso ile aliinunua kwa mavuno ya kokoa ujanani na aliitunza kuliko saa ya mkononi. Nilikuwa nikimtengenezea kila kiangazi.

"Ugonile, fundi," akanisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ena, tata. Ugonile."

Nikamwuliza maswali ya Kondwani. Mzee akajibu bila kusita. "Iliwaka kiangazi, ulipoitengeneza wewe. Tangu hapo imo stoo, ndani ya gunia lake. Asubuhi hii nimeikuta mlangoni pa stoo, gunia lilelile. Hakuna aliyeigusa."

Mzee yule hakuwa mwongo, na siku ile hakudanganya. Alisema alichokijua. Nikaiinua mashine nikaisogeza usoni, nikasikia harufu ya usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa kwa moshi. Nikasema moyoni, mzee amepata kifungua kinywa kizuri. Pua ilikuwa imeshanipa jibu, mimi nikaona ni habari za chakula.

Nikaanza kazi. Wanaume walikuwa wamekaa kando ya ua na kamba na mashoka yao, wananitazama. Plagi: nyeusi kidogo, nikaisafisha, nikapima, hakuna. Nikaweka plagi mpya niliyoijua ni nzima, hakuna. Nikachomoa waya wa swichi, maana Lyulilo ilinifunza, hakuna. Waya mnene wa plagi nikaukagua kwa kidole urefu wote, nikakata ncha iliyochakaa nikauchomeka upya, hakuna. Nikatazama nafasi kati ya koili na gurudumu lenye sumaku, lile linalozunguka ukivuta kamba. Ikiwa kubwa mno, sumaku haiamshi umeme. Ilikuwa sawasawa. Nikavuta kamba. Hakuna.

Ushauri ukaanza kuja kutoka uani. Mmoja akasema plagi ichomwe kwenye makaa. Mwingine akasema mashine iombewe. Mzee wa kanisa akamtazama yule wa pili muda mrefu kuliko wa kwanza. Na kila baada ya kitambo mtu alipanda kutoka bondeni, akasimama, akataja maji yalipofika. Yamefika kwa mjane wa kona. Yamefika kwa mwalimu. Yamefika kwa Ipyana. Ipyana alikuwa mwana wa Mzee Ambakisye, na wakati huo yuko Matema kwenye uvuvi. Mzee aliposikia shamba la mwanawe likitajwa aliinuka, na hakukaa tena.

Ikafika mahali nikasimama, nikafuta mikono kwa kitambaa, nikatumia ile sauti ambayo mafundi na madaktari tunaiweka akiba. "Koili imekufa."

Wanaume wakainamisha vichwa. Mashine ya umri ule koili yake haipatikani Kyela. Labda Mbeya, labda hata Mbeya hakuna, na barabara yenyewe haipitiki. Hukumu yangu ilikuwa na maana moja tu, kwamba mpunga unakufa, na kila mtu pale uani aliielewa. Mzee Ambakisye akavua kofia akaitazama ndani, kisha akaivaa tena.

Sasa wajanja kati yenu mtauliza: babu, mbona hujafungua platini? Mmeuliza vizuri. Chenso za zamani, nyuma ya lile gurudumu lenye sumaku, zina vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana kila mzunguko. Vikiachana ndipo cheche inaruka. Hivyo ndivyo tunaviita platini. Vikichafuka, umeme haupiti na moto haupo. Fundi yeyote wa mashine kuukuu angevitazama kabla ya kuizika koili. Mimi sikuvitazama kwa sababu kiangazi nilikuwa nimevisafisha na kuvipanga kwa mikono yangu mwenyewe. Nilipima kazi ya kiwandani, nikapima kazi ya panya, nikapima kazi ya mvua. Kazi yangu sikuipima. Ndivyo nilivyokuwa, na naona haya kuwaambia.

Tangu nifike nilikuwa nasikia mwanamke akigombana na jogoo jikoni. Jiko lilikuwa kibanda cha mianzi, hatua kama kumi nyuma yetu, na aliyekuwamo ni Tumpe, mke wa Ipyana, yaani mkwe wa mzee. Hapa wale mliokulia mjini lazima niwaeleze. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Mwanamke hamtaji mzee kwa jina, na mzee haingii jikoni kwa mwanamke. Siyo ugomvi, ni heshima. Siku hizi nyumba nyingi zimelegeza, wapo wanaokula meza moja na kutumiana ujumbe wa simu. Nyumba ya Mzee Ambakisye haikulegeza. Walikuwa wameishi ua mmoja miaka tisa, wanapendana kama baba na binti, na hawajawahi kuangaliana usoni.

Mimi kuizika koili, ugomvi wa jikoni ukasimama. Kisha sauti ya Tumpe ikaja kupitia mianzi, ya juu, wazi kabisa, kwa Kiswahili ili hata mgeni aelewe.

"Wewe jogoo, una bahati wewe. Ungelala juu ya moto wangu tangu mvua zianze, katikati ya usipa, kama lile dude la watu, na wewe leo usingewika."

Nilishukuru kwamba sikio langu zima lilikuwa upande ule. Nikamtazama mzee. Mzee alikuwa anatazama mawingu. Alikuwa amesikia kila neno, na hakuwa na ruhusa ya kujibu. Akakohoa, akanisemesha mimi huku macho yakiwa juu.

"Fundi, hebu muulize huyo jogoo, stoo ina nini."

Nikageukia jikoni. Sikujua nimwite nani, nikasema tu, "Jogoo, unaulizwa habari za stoo."

"Wewe jogoo," sauti ikasema, "stoo inavuja tangu mvua ya kwanza. Ipyana aliambiwa, akasema atapanda juu akirudi kutoka ziwani. Hajarudi. Mtu angeacha mashine ya mzee ioze? Kitu cha thamani kinawekwa juu ya uchaga. Leo nimeishusha, nimeipangusa, nimeirudisha kwenye gunia lake."

Uchaga mnaujua, lile tandiko la mianzi juu ya mafiga ambapo moshi hukausha samaki na kulinda mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu. Katika nyumba ya Kyela wakati wa masika hakuna mahali pakavu kuliko hapo. Mbegu za mwaka kesho zinakaa hapo. Tumpe aliipa chenso kiti cha heshima kuliko vyote alivyokuwa navyo, na kwa muda wote huo mwenye mashine alikuwa akipita hatua kumi kutoka ilipolala, hana njia ya kujua, na Tumpe hana njia ya kumwambia.

"Fundi," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mwambie jogoo mimi sikujua."

"Jogoo amesikia," nikajibu. Wale wanaume wa kando ya ua walikuwa wanajitahidi sana kutocheka, maana maji yalikuwa yamefika kwa baadhi yao.

Mikono yangu ilikuwa imeshashika spana. Nikafungua nati ya gurudumu, nikaligonga kidogo likachomoka. Chini yake kuna kikopo cha platini chenye kifuniko, na chini ya kifuniko kunatakiwa kuwe na gasketi ya kuzuia vumbi na unyevu. Kiangazi niliikuta gasketi imechanika. Ya dukani haikuwepo, nikakata ya kwangu kwa boksi la sabuni, nikajisifu. Sasa nilipoinua kifuniko, boksi langu la sabuni lilikuwa limekunywa moshi na mafuta ya usipa mpaka limelainika, na moshi ulipomaliza kulinywa uliingia ndani. Platini zilikuwa na utando wa kahawia, mwembamba, unanata kidoleni. Koili ilikuwa nzima muda wote. Lililokufa lilikuwa boksi langu la sabuni.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna pale ambaye angejua boksi lile lilitoka wapi. Lakini nilikuwa nimewaambia watu wale kwamba mpunga wao umekwisha, nao waliniamini. Nikasema kwa sauti, "Wazee, koili ni nzima. Kosa ni langu, hiki kifuniko nilikiziba vibaya mwenyewe." Hakuna aliyenilaumu. Yule wa maombi akasema, "Basi fundi, fanya."

Angalieni namna ya kufanya, msije mkaharibu. Pitisha msasa laini katikati ya platini, mara mbili tatu tu, siyo unakwangua sufuria. Kisha kitambaa safi chenye petroli. Kisha karatasi kavu, ivute katikati yake mpaka itoke nyeupe, maana msasa wenyewe huacha unga, na unga huo unaweza kukurudisha ulikotoka. Halafu panga nafasi. Kifaa chake cha kupimia kilikuwa kimebaki Ngana, lakini ukingo wa kadi ya mchango wa harusi una unene unaokaribia kabisa, na hakuna nyumba Tanzania isiyokuwa na kadi ya mchango. Mzee alitoa mbili akaniambia nichague. Gasketi nilikata upya kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Nikarudisha gurudumu, nikakaza nati, nikalaza plagi kwenye silinda. Mzee akavua kofia yake akaishika juu iwe kivuli.

Nikavuta. Cheche ya buluu ikaruka, nyembamba, kali, na mlio mdogo wa kukatika.

"Nimeiona," akasema mzee.

"Imewaka?" sauti ikauliza kutoka jikoni, na safari hii hata jogoo hakutajwa.

Tukarudisha plagi. Mvuto wa kwanza ikakohoa, wa pili ikatoa moshi ulionuka mboga ya watu wote, wa tatu ikanguruma. Wanaume walikuwa wameshaanza kukimbia.

Kule kijitoni tulipokezana, mimi na jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi ya mbao, tumefungwa kamba kiunoni na watu sita wanashikilia ncha. Tulianza na matawi, ili shina lisije kutugeukia, kisha tukalikata shina vipande huku wengine wakivivuta nje kwa kamba. Uzee niliusahau mpaka kesho yake asubuhi, uliponikumbusha wenyewe. Kipande cha nne kilipochomoka boma lote liliguna, matete na migomba vikaingia kalavati kwa pamoja, na kijito kikarudi kwenye njia yake kwa kishindo ambacho hata sikio langu bovu lilikipata. Tulizima mashine tukakaa tunatazama bonde. Mwanzoni hakukuwa na badiliko. Halafu mtu akaonyesha kwa kidole, vichwa vya mpunga vikaanza kutokea juu ya maji, vina tope, vimeinama, lakini vimesimama. Pembezoni uliolala ulikuwa umeshalala. Katikati, kwa mjane, kwa mwalimu, kwa Ipyana, ulikuwepo. Nililia kidogo. Tope lilinisaidia kuficha.

Akina mama walikuwa wameshafika na majembe kufungua mifereji ili maji yaliyobaki yatoke upesi. Walisimama kwenye tuta nyuma yetu, na Tumpe alikuwa miongoni mwao, jembe begani. Mzee Ambakisye alikuwa amesimama mbele, ukingoni. Alisikia mmoja wao akimwita Tumpe kwa jina, akajua kwamba yuko pale. Hakugeuka. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kifuani, akalitazama bonde.

"Ndaga fijo," akasema, kwa sauti ya mtu anayeshukuru kanisani. Kisha akarudia. "Ndaga fijo, mwanangu."

Mpunga ni wetu, lakini hakuna anayeuita mwanangu. Pale kwenye tuta Tumpe aliweka jembe chini, akapiga magoti kwenye tope, akainamisha kichwa kuelekea mgongo wa mzee. Akakaa hivyo kitambo, kisha akainuka. Mzee hakuona chochote.

Nilipopita karibu naye na chenso begani, akaninong'oneza bila kugeuza shingo. "Amesikia?"

"Amesikia, tata. Amepiga magoti."

Akaitikia kwa kichwa. Kutoka pale kwenda nyumbani kwake kuna njia mbili, ya karibu inayopita kwenye tuta walipokuwa akina mama, na ya mbali inayozunguka kokoa yote, na siku ile ilikuwa tope tupu. Kwa desturi, wakikutana, mwanamke ndiye anayeacha njia na kuingia majanini mpaka baba mkwe apite. Mzee Ambakisye alivaa kofia yake, akakunja suruali, akashika ile ya mbali.